Mijadala ya jinsia ya Bukavu ipande mpaka Luhwindja

Mwezi wa tatu ukifika, vyuo vikuu vya Bukavu vinavaa. Wanafunzi wasichana wanashona kikwembe cha tarehe 8 Machi, bango linafungwa kwenye lango, viti vya plastiki vinapangwa ukumbini, na kuanzia saa nne ya asubuhi (mwaliko ulisema saa mbili) maprofesa, mawakili na watu wa mashirika wanapokezana mikrofoni. Ni hivyo UCB, ni hivyo UOB, ni hivyo UEA, ISP na ISDR. Maneno ni yale yale: jinsia, ufeministi, usawa, haki ya kijamii. Mwezi wa kumi na moja yanarudi tena, kwa ajili ya zile siku 16 za kupinga jeuri juu ya wanawake, kutoka 25 Novemba mpaka 10 Desemba. Kisha bango linakunjwa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe, na kila mtu anaenda kwake.

Kule Luhwindja, katika eneo la Mwenga, wako wanaosikia habari hizo redioni na kucheka. Wanasema ni mambo ya wazungu, mambo ya waliosoma sana, mambo ya wanawake waliokosa bwana. Kicheko hicho hakifai. Msichana aliyetoka mlimani, ambaye kwao hajawahi kufungua kinywa mbele ya wazee wa ukoo, akisimama ukumbini mbele ya watu mia mbili na kumuuliza mwanasheria swali, kuna kitu kimesogea. Wazazi waliouza mbuzi ili kulipa minervali yake walitaka nini kingine?

Shida iko upande mwingine. Mijadala hiyo inazungumza juu ya mama wa kijijini karibu kila mara, na mama wa kijijini hayumo ukumbini. Anatajwa kama marehemu anavyotajwa kwenye matanga: kwa heshima, kwa sauti ya chini, na bila kuulizwa kitu.

Chukua hizo siku 16 zenyewe. Kampeni ilianza mwaka 1991, ikaanzishwa na wanawake waliokutana Marekani. Tarehe 25 Novemba ilichaguliwa kwa kumbukumbu ya dada watatu wa familia Mirabal, wa Jamhuri ya Dominika, waliouawa mwaka 1960 kwa sababu walimpinga dikteta Trujillo. Ni historia nzuri ya kufundisha, na wanafunzi wa Bukavu wengi wanaijua. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa uliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya dunia nzima. Mwaka ule ule wa 1999, Mwenga, wanawake walizikwa wakiwa hai. Hilo nalo ni historia, na si ya ng'ambo ya bahari. Mwaka 2010, Matembezi ya Dunia ya Wanawake yalipofungwa Bukavu tarehe 17 Oktoba, wajumbe kutoka nchi nyingi walichukua barabara mpaka Mwenga kwenda kuwakumbuka mama hao. Wageni walifika. Itakuwa ajabu mwanafunzi wa Bukavu akiijua Karibiani kuliko Mwenga.

Tena mama wa Mwenga si wa kukumbukwa tu kaburini. Yuko hai, na ana kazi. Asiyemjua mama twangaise aelezwe: ni yule anayeketi chini karibu na mashimo ya dhahabu na kinu cha chuma, anachukua mawe yaliyotolewa na wachimbaji, anatwanga mpaka jiwe linakuwa unga, ili unga uoshwe na dhahabu ionekane. Jina lake ni Kiswahili kilichobandikwa mkia wa Kifaransa. Vumbi la mawe analivuta mchana kutwa, mara nyingi na mtoto mgongoni. Malipo yake yanategemea kipimo na huruma ya mwenye shimo. Kwa mapato ya kinu hicho watoto wamesoma, wengine mpaka chuo kikuu, na haitashangaza kama kati ya wasichana wanaoketi kwenye vile viti vya plastiki wako waliolelewa na kinu.

Kinu sasa kina adui. Kamituga, katika Mwenga hiyo hiyo, mashine za kusaga mawe ziliingia, na mama wengi wakajikuta hawana la kutwanga. Mashine inafanya kwa saa chache kazi ambayo wanawake kumi walifanya kwa siku nyingi, nayo inataka mtaji, mafuta na fundi. Mwenye mtaji kwa kawaida ni mwanamume, fundi naye ni mwanamume. Hakuna aliyepiga mtu wala kumtukana. Wanawake wametolewa kazini kimya kimya, kwa jina la maendeleo. Jambo la jinsia ambalo ni kubwa kuliko hilo, kwa mama wa machimbo, ni lipi? Lakini ukumbini mada ya kawaida ni uongozi wa mwanamke, uwezo wa mwanamke, mwanamke na teknolojia mpya. Mashine ya kusaga mawe ni teknolojia mpya pia.

Luhwindja ilionja mabadiliko ya namna hiyo kwa ukubwa zaidi. Kampuni Banro ya Kanada ilijenga mgodi wa Twangiza, na dhahabu ya kwanza ikatoka mwaka 2011. Wachimbaji wa mkono waliondolewa kwenye maeneo ya kampuni, na familia zilizokaa pale zikahamishwa, nyingine zikapelekwa Cinjira, juu kwenye baridi na upepo. Baadaye mgodi ukapita mikononi mwa Wachina. Mgodi wa namna hiyo unatafuta dereva wa mashine, mlinzi, fundi wa umeme. Hautafuti mtu wa kinu. Katika familia zilizohama, aliyepoteza shamba la mihogo na maharage, kisima alichokizoea na wateja wa bia yake ya ndizi alikuwa mama, na hasara za namna hiyo ni ngumu kuziandika kwenye fomu.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na hapa ndipo chuo kingesaidia sana. Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987, katika kifungu chake cha 448, ilisema mwanamke aliyeolewa lazima apate ruhusa ya bwana wake kwa tendo lolote la kisheria linalomfunga yeye mwenyewe. Kufungua kesi, kuweka sahihi kwenye mkataba: kwanza bwana. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya 15 Julai 2016. Sasa msikilizaji afanye hesabu ya miaka. Familia za Twangiza zilihamishwa, na fidia za nyumba na mashamba zikapangwa, wakati sheria ya zamani ingali na nguvu. Katika nyumba ambamo bwana alipokea peke yake na kutumia peke yake, mama hakuwa na mlango wa kugonga. Leo mlango upo. Anayejua kwamba upo ni mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa pili, na si mama wa Cinjira.

Na mwanafunzi huyo aseme yote, asichague. Sheria ya 2016 iliondoa ruhusa ya bwana, lakini kifungu cha 444 kilibaki: bwana bado ni mkuu wa nyumba. Wanaume wa Luhwindja hawajasoma kifungu hicho, ila wanakijua kwa moyo. Ukipanda mlimani na kusema mwanamke sasa yuko sawa kabisa mbele ya sheria, mzee mmoja atakuuliza kuhusu mkuu wa nyumba, na utaaibika. Afadhali ueleze jinsi sheria moja inavyoweza kutoa kwa mkono huu na kushika kwa mkono ule.

Halafu iko ardhi. Bushi ina mila ya kalinzi: mtu anatoa ng'ombe kwa mwami au kwa mwenye ardhi, anapata shamba, na shamba linabaki katika ukoo wake. Linashuka kutoka baba kwenda kwa mtoto mvulana. Msichana anatazamiwa kula kwenye ardhi ya bwana wake. Sheria ya familia inasema watoto wanarithi sawa, wavulana na wasichana, lakini hakuna karatasi ya sheria iliyowahi kulima shamba. Mjane anayefukuzwa na shemeji zake hajui aende kwa mwami, kwa mahakama, kwa padiri au kwa pasta. Na mara nyingi anakuta jambo jingine linamsubiri: ndoa yake haikuandikishwa. Ng'ombe za mahari zilitoka, watu walikunywa na kucheza, watoto sita walizaliwa, ila kwenye kitabu cha serikali jina lake halimo. Mbele ya hakimu, huyo mama atahangaika kuonyesha kwamba alikuwa mke. Saa moja ya mwanafunzi wa sheria akieleza jinsi ya kuandikisha ndoa ingeokoa mashamba mengi kuliko wiki nzima ya hotuba.

Wanaosema mambo haya yameletwa na wazungu wana kumbukumbu fupi. Luhwindja yenyewe imeongozwa na mwanamke: baada ya Mwami Naluhwindja kufariki, mwamikazi alishika usultani kwa jina la mtoto wake, na ni katika miaka hiyo mgodi ulijengwa. Mila ya Bushi inajua mwanamke anaweza kuamua juu ya ardhi, kesi na kodi, ingawa inamruhusu mmoja tu, na kwa sababu ya mtoto wake. Somo lake lina pande mbili, na mjadala wa chuo ungefanya vizuri kuzitazama zote: kiti cha juu kilikaliwa na mwanamke, na mama wa kinu aliendelea kuketi chini. Nchi nzima inaweza kujiuliza swali hilo tangu Judith Suminwa alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu mwaka 2024, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo Kongo. Furaha ilikuwa halali. Bei ya kipimo cha unga wa mawe haikubadilika.

Upande wa Kalehe, kule Buloho, kuna historia ambayo haisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1982, wakati wa Mobutu, mama wauzaji wa mihogo walichoka na kodi zilizotozwa kila soko na kila kizuizi cha barabara. Mihogo ile ile ililipiwa mara mbili, mara tatu, kabla ya kufika sokoni. Wakaungana, wakaenda pamoja mpaka ofisi ya kolektivite kulalamika. Hawakuwa na bango. Hawakuwa wamesikia neno ufeministi. Walijua hesabu: kiasi cha mihogo, kiasi cha kodi, kiasi kinachobaki kwa chumvi na sabuni. Mtafiti Mmarekani, Catharine Newbury, aliandika juu yao mwaka 1984, na ndiyo maana wasomi wa mbali wanawajua. Wajukuu wa mama hao wanalipa kwenye vizuizi vya leo, na wengi hawajui kwamba bibi zao waliwahi kukataa. Kama kuna mada moja ya kuanza nayo mjadala wowote wa haki ya kijamii Kivu ya Kusini, ni hiyo. Inaeleweka kwa Kimashi bila mkalimani.

Haki itendeke pia kwa watafiti wa Bukavu, kwa sababu si wote wanaokaa ukumbini. UCB ina kituo cha mambo ya migodi, CEGEMI, ambacho watu wake wamepanda milima ya Luhwindja na Kamituga na kuuliza maswali kwa subira. Mwaka 2014 Marie-Rose Bashwira, pamoja na wenzake Cuvelier, Hilhorst na van der Haar, walichapisha makala juu ya wanawake katika machimbo ya mkono mashariki mwa Kongo. Walikumbusha jambo ambalo magazeti ya ng'ambo yalikuwa yamelisahau: mwanamke wa machimboni ni mfanyakazi na mfanyabiashara, mwenye madeni, mipango na ujanja wake, na wanaomtazama kama mhanga wa ubakaji peke yake wanatunga siasa zinazomfukuza mahali anapokula. Ni wazo la nguvu. Liko kwa Kiingereza, kwenye jarida la wasomi. Hivyo ndivyo kazi ya chuo inavyopimwa, na mtafiti hana kosa. Lakini mama aliyeacha kinu chake kwa saa mbili ili ajibu maswali ana haki ya kusikia majibu yake yalizaa nini. Kwa lugha yake, na si miaka kumi baadaye.

Redio ilionyesha njia zamani. Chama cha wanawake wa habari wa Kivu ya Kusini, AFEM, kilianza mwaka 2003, na mwanzilishi wake Chouchou Namegabe na wenzake waliwapa mikrofoni mama waliobakwa wakati ambapo jambo hilo lilikuwa halitajwi hata kanisani. Sauti za mama hao zilisikika hewani kwa lugha wanazosema. Mwaka 2009 Namegabe alifika mbele ya Seneti ya Marekani kusema aliyoyasikia. Vilikuwepo pia vikundi vya wasikilizaji: wanawake wanaketi pamoja, redio moja katikati, kipindi kinaisha, wanaanza kubishana. Ukumbi wa chuo hauna kitu cha kuwafundisha hapo. Una kitu cha kujifunza.

Mtu atauliza: na vita je? Tangu M23 walipoingia Bukavu mwezi wa pili 2025, masomo yalikatika, wanafunzi na maprofesa wengine walikimbia, na vita vikaendelea kupanda milima mpaka kwenye mgodi wa Twangiza wenyewe. Wakati watu wanatafuta mahali pa kulala, nani ana muda wa mjadala wa jinsia?

Jibu linaweza kuonekana kwa macho. Ukikuta familia ya wahami imelala kwenye darasa la shule, tazama ni nani anaamka saa kumi kutafuta maji, ni nani anayekwenda kuomba kazi ya kufua kwa watu ili watoto wale fufu jioni, na jina la nani liko kwenye orodha siku msaada unapokuja. Mama aliyepotezana na bwana wake njiani, hajui kama yuko hai: huyo ni mke au mjane? Anaweza kuandikwa kama mkuu wa nyumba? Shamba aliloliacha Luhwindja, shemeji akiliuza leo, atadai kwa karatasi gani? Msichana wa miaka kumi na mitano anayepewa chakula na mtu mzima kwa sharti fulani, atamwambia nani? Hayo ndiyo maswali ya jinsia ya mwaka huu. Kusema yangoje amani ni kusema wanawake wangoje, na wamengoja tangu 1996.

Tena vita vimefuta kisingizio kimoja. Waandaaji walizoea kusema barabara ni mbaya, mvua inaharibu madaraja, gari ni ghali, usalama hautoshi. Ni kweli, na hakuna anayemwomba profesa avuke mstari wa mapigano akiwa na projekta mgongoni. Ila sasa kuna mama wa milimani walioshuka mjini. Wanapangishwa chumba kimoja familia mbili, au wanalala kwa ndugu, pengine karibu kuliko mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye lango la chuo. Aliyekuwa anatajwa ukumbini kwa Kifaransa amekuwa jirani. Kumwalika kunataka kumpelekea mtu ujumbe, kumrudishia pesa ya siku aliyopoteza, na kumruhusu aanze yeye kusema.

Hiyo pesa isemwe wazi, kwa sababu ndiyo inayoharibu mengi. Kwenye mikutano ya mji, mgeni mwenye mshahara anapewa bahasha ya transporti, na mama aliyekuja kwa miguu anapewa fanta na biskuti. Kama kuna bahasha moja tu, ajulikane ni nani mwenye shida nayo.

Jambo la mwisho linahusu nyumba ya chuo yenyewe. Wanafunzi wa Kongo wana mzaha wao juu ya alama zinazopatikana kwa njia ya ngono, mzaha wa kuchekesha mpaka siku inapokupata wewe. Msichana anarudishiwa karatasi ya mtihani na namba ya simu. Akikataa, anarudia mwaka. Minervali ya mwaka wa pili nyumbani hakuna. Wazazi Luhwindja wanaambiwa mtoto wao alishindwa masomo. Sheria ya 20 Julai 2006 juu ya jeuri za ngono inataja usumbufu wa namna hiyo kuwa kosa la kifungo. Haikusamehe mwenye diploma. Chuo kinachotaka kufundisha vijiji haki ya mwanamke kianze na sanduku la malalamiko ambalo ufunguo wake hauko mfukoni mwa anayelalamikiwa, na kitaje hadharani, kila mwaka, malalamiko mangapi yalipokelewa na mangapi yalifika mwisho. Mpaka hapo, mwanafunzi msichana anayeketi mstari wa mbele na kupiga makofi anajua kitu ambacho msemaji hakijui, au anajifanya hakijui.

Yanayoombwa si ya bei kubwa. Kila mwaka wanafunzi wa sheria, wa maendeleo ya vijijini na wa ualimu wanaandika kazi za kumaliza masomo juu ya vijiji vyao: machimbo, ndoa, mashamba, shule. Wanazitetea mbele ya maprofesa watatu na shangazi mmoja aliyekuja na maua, kisha kazi inaingia kabatini. Chuo kingeweza kuweka sharti jepesi: baada ya kutetea, nusu saa redioni, kwa Kimashi au Kiswahili, ukiwaeleza watu wa kwenu ulichokikuta kwao, na simu iko wazi. Mama wakipiga kusema umekosea, sawa, hiyo nayo ni elimu. Mahali ambapo mawimbi hayafiki, rekodi inapanda kwa kadi ya memori na simu ya mtu wa pikipiki, kama nyimbo zinavyopanda.

Na katika zile siku 16, siku moja ichukuliwe kwa maswali yanayotoka chini, yakusanywe mapema na viongozi wa vikundi vya mama na wa familia za wahami. Mengine yanajulikana tayari. Nani anapanga bei ya kipimo cha unga? Mashine ikiingia, aliyekuwa na kinu anapata nini? Ndoa iliyofungwa kwa ng'ombe inaandikishwa wapi wakati ofisi imekimbia? Fidia iliyolipwa kwa bwana aliyeoa mwingine inaweza kufuatiliwa? Mtoto msichana wa aliyekufa anaweza kulima kalinzi ya baba yake bila kupigwa? Wanasheria wa vyuo vyote vya Bukavu wakiketi meza moja kwa saa tatu, bila hotuba ya kufungua wala ya kufunga, wanaweza kujibu mengi, na yale yasiyo na jibu yatakuwa mada za utafiti za miaka mitano. Bango la mwaka uliopita linatosha. Tarehe inaweza kubandikwa kwa karatasi.